Mstari wa Nne

Ngolo alikuwa amekataa chakula, na askari wa zamu wa kituo cha Igawa alitaka Sajenti Eliezeri alijue hilo mapema, asije akadhani mahabusu wananyimwa. Ugali ulikuwepo. Mama mwenyewe aliusukuma kando.

Eliezeri, mpelelezi aliyetumwa kutoka Mbeya, alivuta kigoda akaketi mbele ya mlango wa mahabusu. Maelezo ya kesi alikuwa ameshayasoma. Ngolo alikuwa mke mkubwa wa Bujiku, mfugaji wa Kisukuma aliyehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini akaja kukaa uwanda wa Usangu. Mke mdogo, Roza, alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi mitatu aitwaye Nkuba. Roza alieleza kwamba siku ya soko, wiki mbili zilizopita, alimwacha mtoto amelala nyumbani, mikononi mwa Ngolo, akaenda Igawa kuuza mchele. Aliporudi, mtoto hayupo. Ngolo alieleza kinyume: Roza aliondoka na mtoto mgongoni. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kuamua kati yao, kwa kuwa wengine wote walikuwa machungani na mashambani.

Kijiji hakikuhitaji mtu wa tatu. Walimjua Ngolo. Tangu Roza aolewe, Ngolo alikuwa hali naye chungu kimoja wala haitikii salamu yake. Vijana walikuwa wameshaupekua mto Mbarali kwa miti mirefu wakitafuta maiti ya mtoto, na ndugu za Bujiku walikaa nje ya kituo na fimbo zao mapajani.

"Mama Ngolo," Eliezeri alisema, "wanasema unamwonea wivu mwenzako."

"Namwonea."

"Unakubali?"

"Wewe baba una wake wangapi?"

"Mmoja."

"Basi nenda ukaoe wa pili, halafu urudi nyumbani ukamuulize wa kwanza kama anasikia wivu."

Askari wa zamu alicheka, akajifanya anakohoa. Ngolo hakucheka. Alisogea karibu na nondo.

"Wivu wangu ni juu ya mume," alisema. "Mtoto ni wa nyumba. Mimi sikujaliwa kuzaa. Nikimtupa yule, nani atanizika?"

Eliezeri alimwambia aeleze tena jinsi Roza alivyoondoka, na aeleze kila kitu, hata kisicho na maana. Ngolo alieleza. Roza alitanguliza mtoto mgongoni, kisha akajitwika mchele. Alimfunga kwa kitenge. Kitenge kilikuwa cha Ngolo, chenye rangi ya kahawia na maua ya njano, zawadi ya Bujiku kabla Roza hajaja. Roza alikitoa kambani bila kuomba. Ngolo alimtukana mpaka alipopotea njiani.

"Sasa hicho kitenge kiko wapi?"

"Muulize aliyekivaa."

Polisi walikuwa wamepekua nyumba zote mbili, na vitu vyote viliandikwa. Kitenge cha kahawia hakikuwemo. Eliezeri alimfuata Roza kwa jirani alikokuwa akiliwazwa na wanawake, akawaomba wanawake watoke. Hakumuuliza habari za mtoto. Alimuuliza habari za kitenge.

Roza alisema hakijui. Kisha akasema kimeibwa. Kisha akajifunika uso kwa mikono, na ukweli ukatoka kidogo kidogo, kama mwiba unavyotoka mguuni. Alikwenda sokoni na mtoto. Pale yanaposimama malori ya mbao alikuta mwanamke mmoja mwenye gauni zuri na sauti ya upole. Mwanamke yule alimsifu mtoto, akasema naye anaye wake mdogo nyumbani. Mnunuzi wa mchele akaita kutoka ng'ambo ya barabara. Mwanamke akasema, nipe nikushikie, utamwunguza kwa jua. Roza akampa mtoto pamoja na kitenge. Aliporudi, mwanamke hayupo, na lori lililokuwa hapo halipo.

Mama mwenye mtoto mchanga na akumbuke: mtoto hashikishwi mtu kwa sababu tu mtu huyo ana sauti nzuri.

"Kwa nini ulimtaja Ngolo?"

Roza alisema alimwogopa Bujiku. Eliezeri akangoja. Mwishowe Roza akasema lile jingine: kwamba njiani, akilia peke yake, aliona kuwa Ngolo akifungwa, nyumba itabaki na mke mmoja.

Mkuu wa kituo aliposikia hayo alikataa kumfungulia Ngolo. Aliyesema uongo mara moja, alisema, anaweza kuwa amesema mara mbili. Tena wale ndugu na fimbo zao hawataamini hadithi ya mwanamke mwenye gauni. Mtoto aonekane kwanza, akiwa hai. Asipoonekana, Ngolo atakwenda Mbeya kujibu kesi ya mauaji.

Eliezeri alipanda gari la polisi kuelekea Iringa.

Mawazo yake yalikuwa hivi. Mwizi wa mbuzi humficha mbuzi. Mwizi wa mtoto hawezi, maana amemwiba ili aonekane naye. Atasema ni wake. Na miaka hii, tangu magari ya kliniki yaanze kupita barabara kuu, mama mwenye mtoto asiyempeleka mizani husemwa na majirani. Tena maziwa ya unga yalitolewa kwa kadi. Mwanamke huyu hakuwa na maziwa kifuani. Atampeleka mtoto mizani, na mizani ikishapima kuna kadi, na nakala za kadi zote, kutoka Igawa mpaka ng'ambo ya Iringa, zilikaa katika ofisi moja mjini Iringa.

Msimamizi wa ofisi hiyo aliitwa Antoni, Mhehe mnene mwenye miwani, aliyesoma kazi ya takwimu ng'ambo na kuipenda kuliko chakula. Eliezeri alimwomba amtafutie mwanamke kwa jina. Jina lenyewe hakulijua, lakini wangeweza kuanza na majina ya wageni wote.

"Jina si la kutafutia mtu, Ndugu Sajenti," Antoni alisema. "Jina ni la kumwitia. Hapa nikisema Roza, litaitika kanisa zima."

Akamwonyesha makasha mawili. Kila mjamzito aliyefika kliniki alipewa namba, na kadi yake ikakaa katika kasha la kushoto. Akijifungua, mtoto alipata kadi yake mwenyewe katika kasha la kulia, na juu ya kadi ya mtoto ikaandikwa namba ya mama. Kwa namba hiyo kadi mbili zilijuana, hata mama akihama au akibadili jina kwa ubatizo.

Pembeni mwa kadi palikuwa na matundu. Kulikuwa na tundu la mvulana, tundu la msichana, matundu ya miezi, ya vituo. Jambo likiwa kweli, tundu lake lilikatwa mpaka ukingoni likawa wazi. Antoni alishika bunda la kadi za watoto, akapitisha sindano ndefu ya kufumia sweta katika tundu la mvulana, akainua, akatikisa. Kadi za wavulana zikaanguka mezani. Za wasichana zikabaki zinaning'inia.

"Uliza swali moja moja," alisema. "Ukiuliza mawili kwa pamoja, kadi zitakujibu upuuzi na lawama nitapata mimi."

Eliezeri aliuliza swali la pili: nani kati ya wavulana hawa alifika mizani mara ya kwanza baada ya siku ile ya soko? Sindano ikapita tena. Kadi mezani zikapungua. Swali la tatu lilikuwa lake hasa. Mwanamke yule hakuwa na mimba. Kwa hiyo mtoto atakuwa na kadi kulia, na kushoto mama hayupo.

"Hao tunawaita mayatima," Antoni alisema, na kwa swali hilo sindano haikufaa. Walikaa wakilinganisha namba kwa mkono, kadi kwa kadi, mpaka chai ikapoa. Walibaki mayatima watatu.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwanamke aitwaye Kalista, upande wa Tosamaganga. Eliezeri alikwenda mwenyewe. Alimkuta Kalista anapepeta mahindi, mtoto kando yake. Familia yake ilitoka kaskazini, na mtoto alizaliwa njiani, juu ya mizigo ndani ya lori. Kadi ya mimba ilibaki huko walikotoka. Eliezeri alipomwomba amnyonyeshe mtoto mbele ya shangazi yake ili shangazi athibitishe, Kalista alimuuliza kama serikali siku hizi inakagua maziwa. Akanyonyesha. Maziwa yalikuwepo, tena mengi. Mumewe aliingia, na masikio yake yalikuwa yale yale ya mtoto, yamesimama kama ya popo. Eliezeri aliomba radhi akaondoka.

Wa pili alikuwa analelewa na bibi. Mama alifariki baada ya kujifungua, na karani mmoja, kwa kufikiri anafanya vyema, aliitoa kadi yake kwenye kasha. Kwa hiyo mtoto akawa yatima mara mbili. Wa tatu, mama yake Tekla alipoteza kadi, akapewa namba mpya, na mtoto akaandikwa kwa ile ya zamani. Tekla alijulikana na kituo kizima, na mkunga aliyemzalisha alikuwa dada wa padri.

Eliezeri alirudi ofisini akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kadi zote zisizo na jozi zilikuwa na sababu. Wakati huo simu ilikuwa imeingia kutoka Igawa: Ngolo angepelekwa Mbeya siku ya pili yake.

"Kadi hazikukudanganya," Antoni alisema. "Umeuliza nani hakuwa na kadi ya mimba. Zimekujibu."

"Basi huyu mwanamke alikuwa nayo."

"Atakuwaje nayo bila mimba?"

"Labda alikuwa na mimba. Kuwa na mimba na kuwa na mtoto ni vitu viwili." Eliezeri alivua kofia. "Nipe wavulana wengine. Wale wenye mama."

Rundo lilikuwa kubwa. Antoni alilileta huku akinung'unika kwamba humo kuna kadi zinazomtia aibu mbele ya wakubwa. Mstari wa nne wa kadi ya mtoto uliuliza jina la baba wa mume. Wanawake wa huku walilitaja bila shida. Lakini walioolewa na watu wa Rungwe, wale waliofuata waume zao kwenye chai na mbao za Mufindi, waliuacha mstari huo mtupu. Nesi akiwabana, walitazama chini. Antoni alishaandika barua kwa manesi, alishatishia kuwanyima maziwa, mstari ukabaki mtupu.

"Wanaficha nini?" aliuliza. "Kodi?"

Eliezeri, aliyezaliwa Rungwe, alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke Igawa.

"Hawafichi. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe. Hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani, anaingia porini mpaka mzee apite. Mke wangu amenizalia watoto, na jina la baba yangu halijawahi kutoka mdomoni mwake. Nesi mmoja alimbana alitaje, akanyamaza hata wakamwandika kuwa ni bubu."

Antoni alimtazama, akaitazama barua yake ya vitisho iliyobandikwa ukutani, akaibandua taratibu.

Eliezeri alikuwa ameacha kucheka. Alianza kutenga kadi. Alichukua za waume wenye majina ya Rungwe tu, akazipanga mezani safu kwa safu, mstari wa nne ukionekana. Ulikuwa mtupu, mtupu, mtupu. Mmoja ulikuwa na alama ya kuulizia ya nesi aliyekasirika. Halafu palikuwa na kadi moja iliyojaa vizuri kuliko zote, yenye mwandiko safi na bila kasoro. Mama: Lusia. Mume: Lutengano, dereva wa lori la mbao, Mafinga. Baba wa mume: Isakwisa.

"Hii ndiyo kadi nzuri," Antoni alisema. "Zote zingekuwa hivi, ningelala usingizi."

"Hii ndiyo mbaya."

"Ndugu yangu, kadi inasema huyu ni Mbena wa huko Mufindi. Labda hajui mila zenu."

"Ndivyo ninavyosema. Akiolewa kwetu, awe Mbena, awe Mhehe, ng'ombe wa mahari wakishafika kwao, mashangazi wa mume humkalisha chini. Hilo ndilo la kwanza kufundishwa. Asiyelijua hajaolewa."

"Kutoolewa si kosa la jinai."

"Si kosa. Lakini hawa wengine wamenyamaza kwa kuwa wao ni wake, hawana haja ya kumwonyesha mtu. Huyu amemwaga jina lote mpaka la mzee. Anataka kadi imwite mke."

Antoni alikwenda kwenye kasha la kushoto akatoa kadi ya mimba ya Lusia kwa namba. Ilikuwepo kweli. Alihudhuria vizuri mwanzoni, kisha nafasi za mahudhurio zikawa wazi, hakurudi tena. Kisha, baada ya ile siku ya soko, akatokea kulia na mtoto mnene. Kwenye nafasi ya chanjo ya kifua kikuu nesi wa Mafinga alikuwa ameandika: kovu lipo begani, tarehe haijulikani, mama asema alizalia kijijini.

"Kijijini kwa bibi hakuna sindano," Antoni alisema.

"Igawa ipo. Gari la kliniki hupita." Eliezeri alivaa kofia.

Mafinga kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa haujatoka kwenye misonobari. Kelele za misumeno zilisikika hadi nyumba za wafanyakazi. Lutengano alikuwa chini ya lori lake, miguu nje. Lusia alikuwa kibarazani anamnywesha mtoto maziwa kwa chupa. Ni kweli alikuwa na sauti ya upole.

"Kamwene," alisalimia.

Eliezeri aliitikia, akasema anazunguka kuhakikisha kadi za kliniki. Akauliza jina la mama. Lusia. Jina la mume. Lutengano. Akauliza, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye lori, baba yake mume anaitwa nani.

"Isakwisa," Lusia alisema, tena kwa fahari.

Spana ilianguka chini ya lori. Lutengano alijiburuta nje, mafuta usoni.

"Usimtaje mzee," alisema. "Lusia. Nani kakwambia umtaje mzee?"

"Kwani si baba mkwe wangu?"

Lutengano alimtazama mgeni, akaona buti za polisi. Eliezeri alimuuliza mtoto alizaliwa lini. Lutengano alisema alikuwa kwenye safari za Zambia, miezi mingi bila kufika Mafinga. Alimwacha Lusia mjamzito, akapeleka habari kwao kwamba mtoto akizaliwa salama ndipo atasema na wazee juu ya ng'ombe. Aliporudi akamkuta na mtoto. Alifurahi. Alikwenda kununua beseni.

"Ulimuuliza kwa nini hanyonyeshi?"

"Alisema maziwa yamekataa."

Lusia alikuwa amemsimamisha mtoto begani, anampigapiga mgongoni. Eliezeri alifunua shati la mtoto. Kovu dogo la chanjo lilikuwa kwenye bega, limeshakauka.

"Mama yake yuko Igawa," alisema. "Anaitwa Roza. Na mwanamke mwingine yuko mahabusu kwa ajili yako, leo anapelekwa Mbeya kwa mauaji."

Lusia aliacha kumpigapiga mtoto. Alipoongea, Lusia hakumwangalia Eliezeri. Alimwangalia Lutengano. Alisema mimba ilitoka akiwa peke yake nyumbani, na alifukia kilichotoka nyuma ya jiko bila kumwambia mtu. Alisema huko Mbeya Lutengano ana mke wa ng'ombe, Esta, na watoto wa Esta, na kila mwezi lori likipita Mbeya linalala huko. Alikwenda Igawa kumvizia, aone kama kweli ni mbao zinazomchelewesha. Badala yake akaona mwanamke amebeba mtoto mzuri na mchele, na mchele ndio anaouangalia.

"Ningemlea," alisema. "Yule hakumwangalia hata nilipoondoka."

"Unajua nilivyokupata?" Eliezeri aliuliza. "Kwa jina la mzee. Wengine wote waliuacha ule mstari."

Lusia alifikiri kidogo.

"Hakuna aliyenifundisha," alisema. "Wanaofundishwa ni wake."

Lutengano alikaa chini kwenye gurudumu la lori. Lusia alimpa Eliezeri mtoto, akaingia ndani chini ya ulinzi wa askari aliyeendesha gari, kuchukua nguo za kubadilisha.

Gari lilifika Igawa kabla Ngolo hajaondolewa, likiwa na mtoto analia, na kilio hicho ndicho kilichofanya kazi yote. Ndugu za Bujiku waliweka fimbo chini. Roza alikuja mbio, hana kiatu, akamnyakua mtoto, akakaa palepale kwenye changarawe akamtolea ziwa. Wanawake waliokuwa wakimliwaza walipiga vigelegele. Bujiku alisimama kando na hakujua mikono yake aiweke wapi.

Mkuu wa kituo alifungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Ngolo alitoka polepole, akikinga jua kwa kiganja. Bujiku alimwambia mkokoteni uko tayari, waende nyumbani wote. Ngolo alimpita kama anavyopitwa mtu asiyejulikana. Alikwenda mpaka alipokaa Roza, akasimama juu yake, na vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

"Ungeniacha mle mpaka lini?" aliuliza.

Roza hakuinua uso. Alimtoa mtoto ziwa la kushoto, akamgeuzia la kulia, mgongo wa mtoto ukawa kwa Ngolo.